Keria ya Mpima

Jumamosi asubuhi, duka la bolti na nati lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Mwanamke mmoja mwenye suruali ya kaki, buti za ngozi na kitambaa cha bluu kichwani alikuwa ameegemea kaunta, akimwelekeza muuzaji kwa kidole.

"Nipe hizo nane. Zile zisizoshika kutu."

"Fupi hizo," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Mwanamume mrefu, ovaroli yake imetobolewatobolewa na cheche kifuani, alikuwa amebeba bomba la chuma begani.

"Samahani kaka, nimekuuliza?"

"Hujaniuliza. Ila kama ni za kufungia keria ya pikipiki, zitakuaibisha njiani."

"Umejuaje kama ni pikipiki?"

"Umeshika helmeti, dada yangu."

Foleni nzima ikacheka. Mwanamke naye alijaribu kununa, midomo ikamsaliti. Alikuwa mpima ardhi. Alikuwa amenunua pikipiki kubwa ya safari, kwa sababu kazi yake ilimpeleka mbali, siku mbili hata tatu, na kila safari alikuwa akifunga vyombo vyake nyuma ya kiti kwa mipira kama mtu anayehama kwa hasira. Alitaka keria na masanduku mawili ya pembeni. Yule mwanamume alikuwa fundi wa kuchomelea, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi aliyoipenda kuliko zote.

Jumatatu pikipiki ikawa karakanani kwake. Fundi alikata maboksi ya karatasi kwa ukubwa wa masanduku, akayafunga kwa kamba kila upande, akarudi nyuma hatua tano na kufumba jicho moja.

"Bomba la ekzosi liko kulia," alisema. "Sanduku la kulia lazima likae nje kidogo, lisiungue. Kwa hiyo nitalifanya jembamba kuliko la kushoto."

"Nitaonekana nimepinda?"

"Asiyekutazama vizuri hatajua."

"Na anayenitazama vizuri?"

"Huyo hatakuwa anatazama masanduku."

Mpima akaangalia chini, akajifanya anakaza kamba ya buti.

Kazi ya wiki moja ikachukua wiki nne. Kila jioni akitoka ofisini alipitia karakanani, akakaa juu ya tairi kuukuu na kumsomea Fundi vipimo. Alikuwa na blauzi ya njano ambayo Fundi alisema inamharibia kazi. Wakaanza kupigiana simu hata wakiwa wameachana dakika kumi zilizopita.

"Umefika?"

"Nipo mlangoni. Ulitaka nini?"

"Nilitaka kujua kama umefika."

"Fundi, wewe huna kazi."

"Ninayo. Ndiyo hii."

Kilichobaki kilikuwa chuma kimoja tu: kile kinachopita nyuma ya gurudumu na kushikanisha upande wa kushoto wa keria na wa kulia, masanduku yasiyumbe. Mchana wa Alhamisi simu ikalia.

"Mpenzi, kesho alfajiri nasafiri."

"Kesho? Sijaijaribu na mzigo! Huwa najaza mchanga masandukuni, naizungusha siku nzima kwenye barabara mbovu. Bila hivyo siitoi."

"Nitaijaribu mwenyewe njiani."

"Kwenye hili usinitanie."

"Sikutanii. Nisipokwenda, kazi anapewa mwingine, na nimeipigania mwaka mzima. Nifanyie, roho yangu. Kwangu mimi tu."

Fundi aliiweka simu mezani, sauti imefunguliwa, akachomelea huku wakicheka. Alipovua miwani aliona kiungo kimoja hakikukaa sawa. Juu kilipendeza, lakini pembeni chuma kilikuwa kimekaa kama nta juu ya sahani, hakikushikana na mwenzake. Akanyanyua msasa wa umeme akisage, akirudie.

"Nipo getini!" Mpima akaita, na kweli alikuwa getini, na jaketi jekundu jipya, ametanua mikono ili atazamwe.

Fundi akaweka msasa chini. Akachukua rangi nyeusi na kukipulizia kile kiungo.

Siku ya tatu, Mpima alikuwa akirudi, vyombo vimejaa kila upande, akishuka mlima wenye barabara ya makorongo. Chuma kikakatika. Sanduku la kushoto likaingia kwenye gurudumu, gurudumu likakaba, pikipiki ikamtupa. Nyuma yake kulikuwa na lori la kokoto. Dereva alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, hazikutosha.

Kabla hajazimia, Mpima alilala ubavu kwenye vumbi, uso umeelekea pikipiki. Alikiona kile kiungo. Hakikuwa kimechanika. Kilikuwa kimeachia, mviringo safi, kama mfuniko uliofunguliwa kwa mkono. Aliyemsomea Fundi vipimo wiki nne hakuhitaji kuelezwa.

Polisi walipomjia wodini baada ya kuzinduka, alisema, "Shimo. Niliingia kwenye shimo." Wakaandika hivyo.

Mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti.

Fundi alifika hospitali siku ileile ya ajali, shati kaligeuza ndani nje. Mlangoni pa wodi alimkuta kaka yake Mpima, mwalimu wa hesabu, mtu asiyepandisha sauti.

"Wewe ndiye Fundi?"

"Ndiyo, shemeji. Niruhusu nimwone, hata dakika moja."

"Hataki kukuona."

"Amesema mwenyewe?"

"Amesema mwenyewe. Nenda, tafadhali."

Haikuwa kweli. Mpima alikuwa hajazinduka bado. Lakini Fundi alikwenda. Alikwenda hadi uwanja wa polisi ambako mabaki ya pikipiki yalikuwa yamelazwa, akapitisha kidole kwenye kiungo, akakuta chuma laini, kisichowahi kushikana, chini ya rangi yake mwenyewe. Kesho yake alifunga karakana na kuvunja laini ya simu.

Mpima alipozinduka alimpigia. Hapatikani. Alipiga kabla ya kubadilishwa bandeji na baada ya kubadilishwa, alipiga siku ya kwanza aliyosimama na magongo. Hapatikani. Siku moja akaangalia pale shuka lilipolala bapa na kujiambia: ndiyo sababu. Akaacha kupiga.

Ikapita miezi mitano. Alirudi kuishi kwa kaka yake, ghorofa ya pili. Alipewa mguu wa bandia, akauweka nyuma ya mlango na kuutundikia kanga. Siku za kliniki kaka yake alimbeba mgongoni kushuka ngazi, kimya, jasho likimtoka.

Mchana mmoja kaka akiwa kazini, aliingia mwanamke mnene mwenye utepe wa kupimia shingoni. Alikuwa dada yake Fundi, mshonaji.

"Hodi, wifi."

"Mimi si wifi ya mtu."

"Sawa, mwanangu. Ngoja nikae, ngazi zenu zimeniua." Akakaa. "Mdogo wangu alinikataza kuja. Ila namwangalia anavyokwisha. Siku hizi anapakia saruji. Chuma hagusi. Hata kiti changu kilichovunjika mguu kakataa kukitengeneza..." Akaziba mdomo kwa viganja viwili. "Yallah! Mdomo wangu huu!"

Mpima alimtazama, kisha akaangua kicheko cha kwanza tangu siku ile. Kikaishia kilio, na mshonaji akamvuta kifuani bila kuomba ruhusa.

"Kwa nini hakuja, dada?"

"Si alikuja! Siku ya kwanza. Kaka yako alimwambia umesema hutaki kumwona."

Mpima akageukia ule mguu nyuma ya mlango.

"Kesho saa kumi," alisema mwishowe. "Mwambie aje. Asipokuja kesho, basi tena."

Fundi alikuja. Alikuwa amekonda, saruji imeganda kwenye nyusi. Alimkuta Mpima kitini, amevaa gauni refu la kijani, na kaka yake amesimama dirishani. Fundi hakuketi.

"Shemeji, nianze na wewe," alisema. "Hakukuwa na shimo. Kile chuma nilichomelea mimi. Niliona hakijashika, nikakipaka rangi. Ukitaka twende polisi, niko tayari sasa hivi."

Mwalimu aligeuka taratibu. Akamwendea hadi wakakaribiana pumzi, mkono wake umekunja ngumi.

"Kaka, kaa," Mpima akasema. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilikiona nikiwa nimelala barabarani. Na aliyemharakisha ni mimi. Alinikatalia, nikambembeleza."

Fundi alimkodolea macho. "Ulijua... na ukawaambia shimo?"

"Nilidhani utakuja kuniambia mwenyewe."

"Niliambiwa hutaki kuniona."

Wote wawili wakamtazama mwalimu. Ngumi yake ilikuwa imelegea. Ghafla alionekana mzee.

"Nilifikiri atakuja mara mbili, tatu, kisha autazame huo mguu na kuchoka," alisema. "Nilikuwa nimemwona binti wa watu jirani yako wodini, mchumba alivyomkimbia. Nikasema bora aondoke sasa, kabla hujaamka. Nilikuhurumia, mdogo wangu."

"Na wewe?" Mpima akamgeukia Fundi. "Mbona simu yako haikupatikana miezi mitano?"

"Niliona sistahili."

"Mguu nilikusamehe palepale kwenye vumbi," alisema. "Miezi mitano sijui. Sijui, kwa kweli. Nyote wawili mmenihurumia mpaka mkaniacha peke yangu."

Fundi akapiga magoti.

"Nataka nikuoe."

"Usiniombe leo. Leo utakuwa unaomba msamaha tu, umeuita ndoa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kaka, niletee mguu wangu."

Mwalimu akauleta. Mpima akaufunga mwenyewe mbele yao, mikanda yote, akakunjua gauni na kusimama. Fundi aliona kila kitu. Hakugeuza macho.

"Nataka kushuka chini."

Wanaume wawili wakaruka kumshika.

"Msiniguse! Wewe tangulia, tembea kinyumenyume. Nikianguka, niangukie wewe."

Ngazi zilikuwa kumi na sita. Fundi alishuka moja moja, mgongo kwanza, mikono wazi hewani. Ya nne mguu uliteleza, Mpima akamkamata kola, vifungo viwili vikakatika.

"Umekonda," alisema, akihema usoni pake.

"Na wewe pia."

"Mimi sijakonda. Nimepungua."

Fundi hakujua afanye nini na uso wake.

"Cheka basi," Mpima alimwambia. "Nimechoka na watu wanaoniogopa."

Akacheka, vibaya, machozi yakichora mistari kwenye saruji. Wakashuka ya tano, ya sita. Ya tisa nguvu zikamwishia Mpima, akakaa palepale kwenye ngazi, akamvuta Fundi akae pembeni yake. Jirani mmoja aliyekuwa akipanda na ndoo ya maji ilibidi apite ukutani. Juu yao mwalimu alisimama mlangoni, magongo mkononi, hajui kama ayalete au ayarudishe ndani.

"Zimebaki saba," Fundi alisema polepole.

"Najua kuhesabu," Mpima akajibu, akamwegemea begani. "Acha nipumzike kwanza."