Mchanga wa Mheshimiwa

Siku ya kumshukuru Mungu kwa ushindi wa Mheshimiwa, uwanja wa Embu ulijaa kabla ya saa tatu asubuhi. Hema, viti, maji ya chupa, hata jukwaa la wachungaji, vyote vilitolewa na Jiwetisa, kampuni ya mchanga na kokoto. Magari ya kampeni yalikuwa yao, na helikopta pia. Watu walijua, na maji wakanywa.

Msemaji wa kampuni alikuwa Idrisi, kijana wa Meru mwenye suti ya kijivu na ndevu zilizochongwa vizuri. Alikuwa akigawa kofia za kijani alipomfikia msichana wa buibui jeusi na mtandio wa zambarau.

"Kofia yako hii, dada."

"Nitaivaa wapi? Juu ya mtandio ama chini?"

"Si umpelekee mzee wa nyumba?"

"Umemwona wapi huyo mzee?"

Idrisi akacheka. "Basi leo namshukuru Mungu mara mbili. Unaitwa nani?"

"Hidaya. Mimi ni mkaguzi wa Bodi ya Mito. Malori yenu nayajua moja moja."

"Hidaya! Zawadi! Sisi Jiwetisa ni watu wa zawadi."

"Hiyo ndiyo naogopa," alisema Hidaya, lakini namba akampa.

Hidaya aliishi mtaa wa Majimbo na babake, Mzee Adan, muuza nyama. Kwa miezi minne Idrisi alimpigia simu kila siku saa saba mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Ndiyo nakula githeri. Na wewe?"

"Mimi nangoja nishibe sauti yako kwanza."

"Basi utakonda, kijana wa watu!"

Jumamosi walikunywa chai pamoja mjini, Idrisi na shati jeupe lililopigwa pasi, Hidaya na hina vidoleni. Kazi hawakuizungumza. Ilikuwa rahisi hivyo.

Kisha Hidaya akatumwa Kiritiri kukagua mto. Jiwetisa walikuwa wamechimba mto mpaka mwamba ukabaki wazi. Igoki, mjane mfuga mbuzi, alimwonyesha shimo alimokuwa akichota maji chini ya mchanga.

"Zamani nilikuwa nachimba na mkono tu, maji yanakuja," alisema. "Sasa hata nichimbe mpaka kiunoni, hakuna. Utatusaidia, mwanangu?"

"Nitajaribu, Mama."

Hidaya alipima, akapiga picha, akaandika amri ya kufunga machimbo. Ilibaki sahihi ya mwenyekiti wa Bodi. Lakini wiki hiyo hiyo Mheshimiwa alikuwa amepewa uwaziri, na uteuzi wake wa kwanza ulikuwa wa Bwana Murungi, mwenye Jiwetisa, kuwa mwenyekiti wa Bodi ya Mito. Siku tatu baadaye Hidaya akapata barua. Kuanzia Jumatatu angehamia Kanja, kusimamia kitalu cha miche.

Ruguru, katibu wa ofisi, alifunga mlango kwanza.

"Majina ya wanaohamishwa yalikuja na bahasha kutoka Jiwetisa," alinong'ona. "Lako limeongezwa na kalamu. Huo mwandiko ni wa Idrisi wako. Si naona kadi anazokuandikia hapa mezani kwako kila siku?"

Hidaya aliingoja hasira. Haikuja. Alihisi ganzi tu, kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu, ila ilikuwa mwili mzima. Saa saba simu ikalia.

"Umekula, mpenzi?"

"Uliandika jina langu?"

"Hidaya, hebu nisikize, hawa watu walikuwa..."

"Nimeuliza kama uliandika."

"Niliandika."

"Haya." Akakata simu. Akamaliza chakula chake, akaosha sahani.

Kanja kulikuwa na baridi na mvua nyembamba ya asubuhi. Hidaya alimwagilia miche, akajaza mifuko udongo. Simu za Idrisi hakuzipokea. Ijumaa akirudi nyumbani, babake alimchomea mbavu. Alikula bila kujua kama zina chumvi.

"Lia basi, mwanangu," Mzee Adan alimwambia.

"Sina kitu cha kulilia, Baba."

Miezi miwili ikapita hivyo. Siku moja Ruguru akapiga simu, sauti chini.

"Nilikuambia nusu ya mambo, dadangu. Leo nimepanga faili, nikaona karatasi yote. Jina lako lilikuwa kwa wanaofutwa kazi. Idrisi alilikata huko, ndiyo akaliandika kwa wanaohamishwa."

Hidaya akampigia Idrisi. "Njoo Kanja," alimwambia, basi.

Alikuja kesho yake, viatu vimejaa matope, suti imempwaya.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ile bahasha niliipeleka mwenyewe. Nilijua mto unakufa. Nikasema, bora nimekuokoa wewe, inatosha."

"Haikutosha."

"Najua." Alitoa karatasi kwenye mfuko wa koti. "Hii ni orodha ya walioteuliwa kwenye Bodi nzima. Niliichapa mimi, ofisini kwa Murungi, wiki mbili kabla Mheshimiwa hajaapishwa uwaziri. Yeye alikuja kuweka sahihi tu. Kuna kamati ya Bunge inakuja Embu kuchunguza uteuzi huu. Twende."

"Watakufuta kazi."

"Nimeacha jana."

Kamati ilikaa siku mbili katika ukumbi wa hoteli. Hidaya alisoma vipimo vya mto. Idrisi alisoma orodha na tarehe yake. Igoki alikaa nyuma amejifunga leso mpya, akiwatazama waheshimiwa wa kamati wakiitikia kwa vichwa. Waliwasikiliza kwa adabu sana, kisha wakasoma uamuzi: waziri ana mamlaka ya kuteua, na mchango wa kampeni si kosa. Orodha ilikuwa mapendekezo tu, na mwananchi yeyote ana haki ya kupendekeza.

Mlangoni Bwana Murungi alimpa Idrisi mkono.

"Kijana, sina kinyongo. Ulidhani tulikuwa tunaficha kitu. Hatukuwa tunaficha."

Igoki alimshika Hidaya bega. "Umesema vizuri, mwanangu," alisema. "Wacha niende, mbuzi hawajanywa." Akaondoka.

Wawili hao waliketi kwenye ukuta mfupi nje ya hoteli. Watu walipita na magunia ya miraa ya muguka, na pikipiki zikipiga honi.

"Nilikuwa nimepanga kukuposa tukishinda," Idrisi alisema.

"Sasa je?"

"Sasa sina kazi. Naweza kuwaandikia watu barua na maombi ya kazi pale karibu na posta."

"Posa hivyo hivyo."

Alimgeukia. "Naomba nitume wazee kwa Mzee Adan."

"Kwanza nikuambie ukweli. Sisikii kitu, Idrisi. Najua nakupenda, vile najua leo ni Alhamisi. Lakini sikusikii moyoni, wewe wala mwingine. Ni hivyo tangu ile barua."

Zamani Idrisi angetia mzaha. Sasa aliitikia kwa kichwa tu. "Hata mimi. Tukae tu pamoja. Atakayeanza kusikia amwambie mwenzake."

Hidaya alifikiria, magari matatu yakapita. "Waje Jumamosi," alisema. "Ila wasichelewe, Baba hufunga duka mapema."

Idrisi akampigia mamake, Meru, akaweka simu kwenye ukuta kati yao. Mama aliposikia habari akapiga vigelegele, akawaita majirani, nao wakapiga. Hidaya na Idrisi waliketi bega kwa bega, wakisikiliza furaha hiyo hadi mwisho.