Damu Iliyokataa Kuganda

Kila asubuhi Kidoti aliosha bakuli la Pamba, mbwa wao jike, kisha akamchana manyoya uani. Jumamosi moja alimpa mfupa, ingawa mama yake alikuwa amekataza. Ufizi ulichubuka kidogo tu, lakini damu ilitoka mpaka alasiri. Kidoti aliifuta kwa kitambaa, akakitupa jalalani, akanyamaza.

Wiki mbili baadaye walimpeleka Pamba kwa daktari wa mifugo kufungwa kizazi.

"Amewahi kutokwa na damu ikachelewa kukata?" daktari aliuliza.

Mama alimgeukia bintiye. "Wewe ndiye unayeshinda naye. Umewahi kuona?"

"Hapana," Kidoti alijibu.

Walikaa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Hatimaye daktari alitoka, kichwa chini. "Poleni sana. Nimebana, nimeshona, lakini damu imekataa kuganda. Amekufa."

Kidoti aliangua kilio. "Nilidanganya! Alitokwa na damu siku nzima, nikaogopa kugombezwa!"

Daktari alivuta pumzi, akamweleza kwamba damu ina chembe ndogo sana zinazokimbilia penye jeraha na kuliziba. Mbwa wengine huzaliwa na chembe zisizoweza kazi hiyo, na huwarithisha watoto wao.

"Pamba ameacha mtoto?" daktari aliuliza.

Kidoti alishtuka. "Yuko kwa mama fundi cherehani! Kesho anahasiwa!"

Alitoka mbio. Mlangoni kwa fundi alieleza yote mwenyewe, bila kuficha hata la aibu. Fundi aliweka mkasi chini, akamkumbatia mbwa wake. "Ulijua, ukanyamaza?" aliuliza kwa hasira.

Kipimo kilionyesha kuwa mtoto amerithi ugonjwa wa mama yake. Upasuaji uliahirishwa. Angeishi, ila kwa uangalizi wa daktari na bila michezo ya kuumizana.

Pamba alizikwa nyuma ya jiko. Mama alirudishia udongo shimoni kwa jembe, kisha akasema taratibu:

"Sijui kama daktari angemwokoa, mwanangu. Lakini hakupewa nafasi ya kujaribu. Leo umesema kweli, na mtoto wake anapumua. Siku nyingine useme mapema, hata kama unatetemeka."

"Nimesikia, mama," Kidoti alijibu. Alishika jembe, akamalizia kufukia.