Mwangalie, Usimsaidie

Siku ya soko Litein haina adabu. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, bodaboda zinarusha matope, wauza kabeji wanaitana, na katikati ya zogo hilo Nelvine alisimama mbele ya kibanda cha gambuti, viatu virefu vya mpira, sweta lake la manjano limelowa mabegani, macho yote kwenye miguu ya wateja.

Alikuwa kazini. Kila jioni kijijini kwao Roret alisikiliza kwenye simu mihadhara ya wataalamu wa usanifu, wale wanaofundisha kutengeneza programu ambayo mtu ataitumia bila kuteseka. Mmoja wao, mama mwenye sauti ya upole, alikuwa ametoa zoezi: nenda penye watu, uwaangalie wakitumia kitu, usiwasaidie, usiseme neno. Nelvine akachagua gambuti.

Mwenye kibanda hakuwa na habari za mihadhara. Alikuwa kijana mrefu wa upande wa Kisii, jina lake Onsongo, shati limepigwa pasi kana kwamba anauza saa za dhahabu. Alivumilia weee, mwisho akamjia.

"Madam, umeangalia hizi gambuti hadi zimeona haya. Unanunua, ama ni mimi unaangalia?"

"Naangalia vile watu wanavaa."

"Na umeona nini?"

Nelvine akamweleza kwamba kila aliyejaribu kiatu alitafuta pa kujishikilia asianguke, na hapakuwa na kitu ila bega la muuzaji. Onsongo alicheka. Soko lililofuata Nelvine alikuta benchi jipya pale. Hapo ndipo moyo ulipomponyoka, na mimi simlaumu; mwanamume anayesikia neno la mwanamke na kulifanyia kazi hapatikani kila soko.

Simu zikaanza. Onsongo akifunga kibanda anapiga, akifika kwake Sotik anapiga tena kusema tu kwamba amefika. Nelvine alimweleza ndoto yake: programu ya kuwaonyesha wakulima lori la chai liko wapi, maana likichelewa majani hunyauka kwenye kituo cha kuuzia na watu wanashinda njaa. Kamati ya kituo chao ilikuwa imekubali kuijaribu. Alipoimaliza alimpelekea Onsongo kwanza, pamoja na chupa ya mursik, maziwa lala ya kibuyu kilichopakwa masizi, kutoka kwa mama yake.

"Unaipenda?" akamuuliza.

Onsongo alipiga funda, akagusa simu hapa na pale. "Iko sawa kabisa, mrembo. Zote mbili."

Kituoni ikawa aibu. Wachumaji walikuja na vidole vilivyokaukiwa na utomvu wa chai, simu haiwasikii. Vitufe vilikuwa vidogo, na lori hakuna aliyeliona. Kamati ilimwambia arekebishe, wataiangalia mara moja tu tena. Jioni Nelvine alimpigia Onsongo akitafuta pa kulilia.

"Pole sana, mpenzi. Hata mimi hiyo lori sikuiona."

"Hukuiona, na ukaniambia iko sawa?"

"Niliogopa utaskia vibaya."

"Sasa nimeskia vibaya mbele ya kijiji yote."

Akakata, na simu zake zilizofuata hakupokea. Aibu ilimuuma, lakini kuna kilichomuuma zaidi. Kama Onsongo alisifu kitu kilichomshinda, je, yale mengine matamu aliyomwambia kwenye simu, ya macho yake, ya kuzeeka pamoja, yalikuwa na ukweli gani?

Alirudi kwenye mihadhara kwa hasira, apate kurekebisha kazi yake. Akamsikia yule mama akisema jambo alilokuwa amelipita mbio: usimuulize mtu kama anapenda kazi yako, hasa mtu anayekupenda wewe. Mpe kazi aifanye, kisha nyamaza uangalie mikono yake. Nelvine alizima simu. Kumbe aliyeuliza vibaya ni yeye. Alimwekea kijana wa watu mursik mkononi, na mgeni huku kwao hasemi kwamba alicholetewa kimemshinda. Angejibu nini?

Siku ya soko alivaa gauni lake la bluu, akaenda Litein. Onsongo alipomwona alimsahau mteja, mguu mmoja umekwama ndani ya gambuti.

"Shika," Nelvine akasema, akimpa simu yenye programu ileile, bado haijarekebishwa. "Tafuta lori inafika saa ngapi. Sikusaidii."

Onsongo akahangaika. Aligusa pasipofaa, akarudi nyuma, akapotea tena. Ulimi ulimwasha Nelvine lakini akajizuia. Mwishowe Onsongo aliweka simu kwenye benchi.

"Imenishinda. Maandishi ni ndogo, na hiyo batani imejificha. Hii kitu haiko sawa, Nelly."

Nelvine alisikia moyo umetulia kabisa.

"Kuna kingine ulinidanganya?"

Onsongo aliinama. "Mursik. Ilinishinda pia."

Nelvine alicheka hadi akakaa. "Na ile ya kuzeeka pamoja?"

"Hiyo sikudanganya. Na mimi sitakuuliza kama unanipenda, nitakupea kazi. Jumapili nipeleke kwa mama yako, nimuulize nikuje na wazee wetu kukuposa lini."

Nelvine aliangalia mikono ya Onsongo. Ilikuwa inapanga upya gambuti zilizokwisha kupangwa. Hakumsaidia upesi, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, na kwa kuwa alikuwa anafurahia sana.

"Nitakupeleka," akasema. "Lakini mama akikuuliza kama umependa mursik yake, hapo danganya."