Pale Mkono Usipofika

Mpiga pasi alikuwa na chumba kimoja, meza moja na pasi moja. Kutwa nzima alinyoosha nguo za watu. Alijua kola ya kila mtu mtaani. Kola yake mwenyewe hakuna aliyeijali.

Mkewe alikuwa amefariki zamani. Watoto walikuwa mbali, na simu zao zilikuwa fupi. "Hujambo baba? Haya baba, salio linaisha." Basi alizungumza na mashati. Shati ni msikilizaji mzuri, ila halijibu.

Meza yake ilikuwa fupi. Aliinama juu yake, bega la kulia likisukuma pasi. Ndipo maumivu yakaja. Yalikaa mgongoni juu, kati ya bega na uti wa mgongo, pale hasa mkono usipofika. Palikuwa na kitu kigumu, kama punje ya harage chini ya ngozi. Maumivu yalipanda shingoni mpaka kichwani. Kila akisukuma pasi, aliona nyota mchana kweupe.

Mwenye mwenzake angesema, "Hebu nikande hapa." Yeye alijisugua kwenye mlango kama ng'ombe. Dawa ya kuchua aliipaka kwa mwiko, na nyingi iliishia ukutani.

Alianza kuchelewesha nguo. Wateja wakanuna. Hilo lilimtisha kuliko maumivu. Akiacha pasi, nani tena angebisha hodi mlangoni kwake?

Siku moja akapata wazo. Anayekaa peke yake hupata mawazo mengi, na hana wa kumwambia kwamba ni ya kijinga. Alipasha pasi, akaichomoa kwenye umeme, akaifunga taulo, akailalia. Joto likawa tamu. Usingizi ukampitia. Alipozinduka, ngozi ilikuwa imeungua.

Hospitalini alimkuta daktari wa kike, kijana, mwenye sauti ya upole. Alimvua shati, akaitazama alama ya pasi mgongoni.

"Baba, nani amekupiga pasi?"

"Mimi mwenyewe."

"Na mikunjo imetoka?"

"Haikutoka."

Daktari akabonyeza taratibu, pembeni ya jeraha. "Hili ni fundo la msuli. Msuli ukifanya kazi ileile kila siku bila kupumzika, sehemu yake hujikaza, ikagoma kuachia. Nikibonyeza hapa, unasikia mpaka kichwani, sivyo?"

"Mpaka kwenye jicho."

"Wengi hupata nafuu kwa kunyoosha msuli, kukandwa, na joto la kiasi. Joto la kiasi, baba. Ila fundo lako limekuwa sugu. Tunaweza kuchoma sindano nyembamba ndani ya fundo lenyewe, na dawa kidogo ya ganzi. Msuli unaruka, halafu unalegea."

"Basi nichome. Au niende kwa yule muuza dawa wa barabarani. Naye anachoma."

"Usithubutu. Chini ya hapa kuna mapafu. Asiyejua kina cha sindano anaweza kuyatoboa. Na mimi leo sichomi. Sindano ikipita kwenye jeraha, itaingiza vijidudu ndani. Kidonda kipone kwanza. Kila siku kisafishwe kwa maji safi na sabuni, kifungwe shashi mpya. Nyumbani yupo wa kukusaidia? Kama hayupo, uje hapa tukusafishe."

"Yupo," alijibu haraka. "Mke wangu yupo."

Uongo ulikuwa mtamu mdomoni. Njiani akauonea haya.

Nyumbani alitundika kioo kimoja, akashika kingine. Akipeleka mkono kulia, kioo kilimwonyesha kushoto. Plasta ikamnasa sikioni. Wakati huohuo hodi ikapigwa. Alikuwa jirani yake, mjane waliyemwita Mama Redio, kwa sababu redio yake ililia toka asubuhi hadi jioni.

"Nimefuata gauni langu." Akamtazama. "Jirani, unapigana na nani?"

"Na plasta."

"Naona imekushinda. Geuka."

"Hapana mama, nitaweza."

"Geuka, bwana. Nimeuguza mume, nikamzika. Mgongo wako hauna jipya."

Mpiga pasi akamweleza alivyosema daktari. Mama Redio akanawa mikono kwa sabuni, kisha akaanza kusafisha, polepole. Mpiga pasi akainamisha kichwa. Miaka mingi ilikuwa imepita bila mkono wa mtu kumgusa pale.

"Panauma?"

"Kidogo."

Mama Redio aliyaona machozi, akajitia hamnazo. "Mimi nyumba ikinyamaza sana, nasikia masikio yangu yenyewe," alisema bila kuulizwa. "Ndiyo maana ya ile redio."

Akawa anakuja kila jioni, mpaka ngozi ikafunga.

Mpiga pasi akarudi kwa daktari. "Mkeo ana mkono mzuri," daktari alisema.

"Mke wangu alifariki. Huyu ni jirani."

Daktari hakucheka. "Basi jirani ana mkono mzuri." Akamuuliza kama ana mzio wa dawa yoyote, na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Hapana. Akasafisha ngozi, akalishika fundo kwa vidole, akachoma. Msuli ukaruka wenyewe, kama aliyeitwa jina ghafla. Kisha ukatulia.

"Kesho patauma kama umepigwa ngumi. Usiogope. Lakini pumzi ikibana, kifua kikiuma, homa ikija, au pakivimba na kuwa pekundu, njoo mara moja. Leo usishike pasi. Kesho anza kunyoosha shingo na mabega, taratibu, kila siku. Na ile meza iinue. Sindano inalegeza fundo, haiinui meza."

Akaiinua kwa matofali. Kila baada ya nguo kadhaa alipumzika, akanyoosha mabega. Maumivu hayakukimbia siku ileile. Yaliondoka kidogo kidogo, kama mgeni anayeaga mlangoni na bado ana hadithi. Nguo zikatoka kwa wakati. Wateja wakarudi.

Ila Mama Redio hakuja tena. Kidonda kimepona, aje kufanya nini? Mpiga pasi alikunja mashati, akasikiliza redio kupitia ukuta. Jioni moja akavumilia. Nyingine akashindwa. Akatoka, akabisha hodi kwa jirani.

"Naomba uniangalie mgongo."

Mama Redio akazima redio. Akainua shati, akatazama.

"Jirani, hapa hapana kitu. Umepona kabisa."

"Najua," alisema mpiga pasi. "Angalia tena."

Mama Redio akavuta kiti. "Basi kaa. Nikisimama macho hayaoni vizuri."