Kivuli Kimoja Chini ya Bawa

Lifti ya jengo lile haikujua kukataa watu. Saa ya chakula cha mchana ilimeza kila aliyesimama mbele yake, na siku hiyo ilikuwa imeshajaa hadi mlangoni alipojipenyeza kijana mrefu mwenye jaketi la ngozi. Juu ya vichwa vya watu aliinua hanga lenye gauni jekundu, refu, linalometameta kila likitikisika. Watu wakaguna, mlango ukajifunga. Ghorofa ya nne dada mmoja mwenye mkoba mkubwa alishuka, na gauni likashuka naye.

"Samahani, dada," kijana alisema, akimfuata bila hiari kwa kuwa hanga lilikuwa bado mkononi mwake. "Gauni langu limekushika."

Dada aligeuka. Alivaa sketi ya kijivu na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ikakubali, na miwani aliyoisahau juu ya nywele. Pindo la gauni lilikuwa limenasa kwenye zipu ya mkoba wake.

"Gauni lako?"

"Langu."

"Hongera. Rangi inakufaa."

Waliobaki ndani ya lifti waliangua kicheko, mlango ukawafungia nacho. Wawili wale wakachuchumaa kwenye korido. Kijana alianza kuvuta, dada akampiga kofi dogo la mkono.

"Utalichana. Niachie mimi."

Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Alipokuwa anatoa uzi mmoja mmoja kwenye meno ya zipu, kijana alijieleza. Alikuwa mpiga picha. Nje ya mji palikuwa na uwanja mdogo wa ndege usiotumika sana siku hizi, na mafundi wachache walitunza pale ndege za zamani za propela, zile zenye matumbo ya fedha na pua za mviringo. Yeye aliwapiga picha wanawake mbele ya ndege hizo. Wauguzi, walimu, wenye maduka. Walipambwa, wakavalishwa, wakasimama kwenye bawa, na kila mmoja alirudi nyumbani akitembea tofauti na alivyokuja.

"Na jaketi hilo? Wewe ni rubani?"

"Hata kupanda ndege sijawahi."

Dada alicheka, na kijana akaona kuwa mchana umebadilika.

"Mimi nakaa mlango ule," dada alisema, akionyesha studio ya mwisho. "Nahariri picha. Niletee mwanamke aliyepigwa mbele ya ukuta wa jikoni, nitamwekea ndege nyuma yake kabla chai haijapoa."

"Ndege ya kubandika. Nitaijua tu."

"Hutaijua."

"Tuwekeane dau."

Kesho yake alirudi na picha. Dada akamwonyesha mbili, moja ya kweli na moja aliyoitengeneza, na kijana, baada ya kuzikodolea macho na kujikuna kidevu, akachagua ile ya uongo. Alishindwa, akanunua chakula, na akaendelea kununua hata siku ambazo hakukuwa na shindano.

"Nifundishe," alimwambia siku moja.

"Watu hutazama sura, ndiyo maana wanadanganywa. Wewe tazama chini. Ukitaka kujua kama wawili walisimama pamoja kweli, tazama kivuli chao. Halafu tazama nguo pale mkono unapogusa. Mkono wa kweli unakunja kitambaa."

Kuanzia hapo akamwita Fundi, naye dada akamwita Rubani. Kazi zote za Rubani zikawa zinapita kwenye kompyuta ya Fundi. Simu nazo hazikukauka.

"Rubani, umetua?"

"Nimetua. Nina njaa na nimekukumbuka, sijui nianze na lipi."

"Anza na njaa. Ukiwa na njaa unasema uongo mtamu."

Ulikuwa utani, lakini kulikuwa na mahali ulikotoka. Fundi alishawahi kuvalishwa pete na mwanaume mwenye uso wa mtu mkweli, kumbe alikuwa na nyumba nyingine upande wa pili wa mji. Tangu hapo alijifunza kuamini alichokiona kwa macho yake. Rubani aliujua mkasa huo, na alimwendea taratibu, kama mtu anayebeba maji kwenye sahani.

Basi asubuhi moja alipita studio mbio mbio, akamwachia kadi ya kamera yenye picha za bibi harusi mmoja, akambusu kwenye paji la uso mbele ya bosi na kutoweka. Fundi akaifungua kadi. Picha za bibi harusi zilikuwepo. Chini yake zilikuwepo nyingine.

Mwanamke wa makamo, mrembo, gauni la buluu iliyokolea limemkaa kama lilishonwa akiwa amelivaa. Amesimama chini ya bawa la ndege, kichwa kifuani mwa mwanaume, macho ameyafumba. Mwanaume alikuwa Rubani.

Fundi alivuta kiti karibu. Akakuza picha. Alifanya kile alichokijua kuliko kitu kingine duniani: alitazama chini. Kivuli kilikuwa kimoja. Akatazama mgongoni mwa jaketi, na pale vidole vya yule mwanamke viliposhika, ngozi ilikuwa imekunjamana kwa nguvu. Hakuna mteja anayeshika hivyo. Kiganja cha Rubani nacho kilikuwa kimetulia mgongoni mwake, kikimliwaza.

Akapiga simu.

"Mwanamke wa gauni la buluu ni nani?"

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa.

"Fundi, picha hizo hazikutakiwa kuwa humo."

"Hilo nimeliona. Ni nani?"

"Ni mteja."

"Mimi si mtoto. Picha hii haikuunganishwa."

"Haikuunganishwa, kweli. Nilimkumbatia. Lakini nimemwahidi kuwa sitasema neno mpaka atakapokuwa tayari. Niamini siku chache tu, mpenzi."

"Maneno hayo nimeshawahi kuambiwa. Hata hizo siku chache zilikuwemo."

Alikata. Kadi akaiacha mapokezi ndani ya bahasha. Rubani alipiga simu mpaka akachoka, akaja mpaka mlango wa studio, akaambiwa Fundi ana kazi nyingi. Mwishowe naye akanyamaza, maana hata mpole ana moyo, na wake ulikuwa umeumia kwa kuhukumiwa kama mwizi aliyekutwa na ngazi.

Nyumbani, mama yake Fundi alimtazama akichezea chakula kwenye sahani.

"Yule mpiga picha haji tena?"

"Sitaki kumsikia, mama."

"Mimi sijasema umsikie. Nimeuliza kama anakuja."

"Haji."

"Haya. Kula basi. Chakula hakijakukosea."

Bosi wa studio alikuwa mama mnene, mcheshi, ambaye hakuna jambo la ghorofa ya nne lililompita. Ndiye aliyeingia siku moja na mgeni nyuma yake. "Kuna dada hapa anakutaka wewe mwenyewe," alisema. "Kaelekezwa."

Fundi aliinua macho. Leo mgeni alivaa gauni la kawaida na kiremba cheusi, lakini uso ulikuwa uleule wa kwenye picha. Fundi akamwonyesha kiti kwa kidole.

Mgeni aliketi. Kutoka kwenye pochi alitoa kadi ya kamera na picha moja ya zamani, imeisha rangi, ya watu wengi wakisherehekea. Akaweka ncha ya kidole juu ya mwanaume wa mstari wa nyuma, aliyegeuka nusu, akicheka na mtu asiyeonekana.

"Huyu ni mume wangu," alisema. "Alikuwa anaikimbia kamera kama paka anavyokimbia maji. Nimegeuza nyumba, nimesumbua mashemeji, hii ndiyo pekee niliyopata ambayo anacheka. Alifariki mwaka jana."

Fundi aliivuta picha karibu, akaitazama.

"Alikuwa fundi wa ndege kule uwanjani. Ile ndege ya fedha ameihangaikia mpaka nikawa namwambia amenioa na mke mwenza. Akaniahidi, ikimalizika kupakwa rangi, nitavaa vizuri tupige picha pamoja chini ya bawa. Ikamalizika yeye akiwa hospitali." Alinyoosha kiremba ambacho hakikuwa kimepinda. "Kwa hiyo nilimwomba yule kijana asimame mahali pake, ili niweke kichwa. Uso mtauweka nyinyi. Nilimkataza asimwambie mtu. Niliona haya. Mtu mzima kama mimi, kukumbatia mtoto wa watu nikijifanya ni mume wangu. Na nilisema, nisipopata picha ya mume wangu, basi na hizo azifute."

Fundi alishusha miwani kutoka kwenye nywele, akaivaa ili apate pa kuficha macho.

"Nitaifanya sasa hivi, dada. Kaa nami."

Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Ilibidi amtoe Rubani kwenye picha kwa mkono wake mwenyewe. Kwanza kidevu, kisha shavu, kisha yale macho yaliyokuwa yanatazama mbali kwa adabu, kama mtu anayesubiri mwenziwe amalize kuswali. Akamleta marehemu, akamgeuzia mwanga upande wa jua, akalainisha ngozi ili ifanane na picha mpya.

"Hapana," mjane alisema taratibu. "Umemfanya mzuri. Hakuwa mzuri. Rudisha mikunjo yake."

Akairudisha.

"Na mikono hii si yake. Yake ilikuwa na weusi wa grisi kwenye kucha, hata siku ya harusi yetu."

Fundi akaingiza grisi kidogo kidogo, kwenye kila kucha, na kwenye mkunjo wa kidole gumba. Mjane akasogeza kiti. Akatazama tena. Aligusa kioo cha kompyuta kwa mgongo wa kidole, mahali penye shavu, na machozi yakamtoka bila kelele. Bosi, aliyejifanya anapanga karatasi, akatoka nje ya chumba.

"Ndiye," mjane alisema mwishowe. "Ndiye kabisa." Alijifuta, akacheka kidogo. "Siku ile nililia namna hiihii. Jaketi la kijana wa watu nililing'ang'ania kama nazama. Hakujitikisa. Nilipomaliza akaniambia, 'Dada, yuko mtu mmoja tu wa kumrudisha vizuri, nami nataka kumuoa, lakini ananisumbua kwa maswali.' Ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi," Fundi alisema. "Lakini swali lenye maana sikuliuliza."

Hakungoja jioni. Aliomba ruhusa, bosi akamwambia ameshachelewa, akakodi teksi mpaka uwanjani. Upepo wa pale ulikuwa na harufu ya majani makavu na mafuta ya mashine. Chini ya ndege ya fedha, mwalimu mstaafu mwenye gauni la dhahabu na viatu virefu alikuwa amepandishwa kwenye bawa, mkono kiunoni, kidevu juu. Rubani alikuwa amepiga goti na kamera. Alimwona Fundi, akashusha kamera, kisha akaiinua tena.

"Shika huo ubao mweupe," alisema bila kumtazama. "Mrudishie mwanga usoni."

Fundi akashika. Mwalimu aliwatazama mmoja baada ya mwingine kwa macho yaliyosimamia mitihani mingi.

"Ndiye huyu?" aliuliza. "Maana tangu asubuhi unanipiga picha za miguu tu."

"Ndiye, mwalimu."

"Basi nishusheni nikanywe maji. Malizeni."

Walipobaki wawili, Rubani alijishughulisha na lenzi.

"Dada wa buluu alikuja," Fundi alisema. "Picha imekamilika. Nimekutoa mwenyewe, kipande kwa kipande, na nilipokuwa nakutoa niliona nimekosa nini. Nisamehe."

"Uliamini kivuli kuliko mimi."

"Kivuli nakijua miaka mingi. Wewe ndiyo kwanza nilikuwa naanza kukujua. Nisamehe, Rubani."

Rubani aliinua macho kutoka kwenye lenzi. Propela ya zamani ilizunguka polepole kwa upepo, ikalia, ikasimama.

"Na mimi nina langu," alisema. "Ningeweza kusema hata neno moja. 'Amefiwa.' Lisingevunja ahadi ya mtu. Lakini niliumia, nikaona bora nawe uumie kidogo. Halafu nikawa silali."

"Mimi nilikuwa sili. Muulize mama."

"Nataka sana kumuuliza mama. Nina mengine pia ya kumuuliza." Aliweka kamera kwenye nyasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamshika mikono yote miwili, ubao mweupe ukaanguka. "Sina pete hapa. Nina jaketi la kujifanya rubani na ndege zisizo zangu. Utanikubali mpaka tuzeeke, nami nijibu maswali yako yote, hata ya saa ambazo watu wamelala?"

Fundi alimtazama usoni, muda mrefu, na safari hii hakutazama chini.

"Nitakukubali. Na utachoka kujibu."

"Nimeshakubali kuchoka."

Alimkumbatia, na kutoka kwenye kivuli cha banda la ndege mwalimu mstaafu akakohoa kwa heshima kuwajulisha kuwa maji yamekwisha. Wakacheka. Fundi alitoa simu kabla ujasiri haujamtoka.

"Mama, kuna mtu anataka kuja nyumbani kuzungumza na wewe."

"Mtu gani?"

"Mpiga picha."

"Yule usiyetaka kumsikia?"

"Huyohuyo, mama."

Ilisikika sufuria ikifunikwa, kiti kikivutwa, mama akiketi kabisa.

"Mwambie aje na wakubwa zake," alisema. "Na wewe pitia sokoni urudi mapema. Leo utakula."