Picha Arobaini na Sita Kutoka Saadani

"Usitikise mkono, shoga, nitaharibu," Mardhiya alisema, na mkono uliokuwa ukitetemeka ulikuwa wake mwenyewe.

Adila alitulia. Alikuwa amekaa mkekani nyumbani kwa Mardhiya, Zinga, mkono wa kulia umeshajaa maua ya hina mbichi, wa kushoto ndiyo kwanza umefika kwenye vidole. Ndoa kesho, baada ya swala ya Ijumaa. Miadi yao ilikuwa alasiri, lakini kule nyumbani Bagamoyo mashangazi walikuwa wamemzidi kwa maneno, akawatoroka akaja asubuhi. Mardhiya ndiye mpakaji hina wake, na ndiye rafiki yake tangu madrasa.

Akawa anamsimulia habari za Feisal, bwana harusi. Leo siku ya tatu yuko Saadani, kuna hoteli imemtuma akapige picha za mandhari. Kamera yenyewe ni ya Adila, ile ndogo ya kubadili lenzi, inaenea kwenye mkoba wa mkononi na nafasi inabaki. Asubuhi Feisal alikuwa amempigia simu, mtandao wa huko ukikatakata, akaapa jioni atakuwa amefika.

"Akifika tu namnyang'anya," Adila alisema. "Nataka nizione picha zote, kabla hajanichagulia."

Mardhiya akakazana na koni ya hina.

Haikupita dakika, simu ya Adila iliyolala mkekani ikalia, ikawaka. Kamera imeunganishwa. Picha 46 zinahamishwa.

Adila akayasoma maneno yale mara mbili. Kamera ile aliizoesha simu yake mwenyewe. Ikiwashwa karibu, inajiunga bila kuulizwa na kuanza kumwaga picha. Lakini karibu hasa, chumba na chumba. Saadani ni safari ya saa kadhaa.

Alitaka kuishika simu. Hina mbichi mikono yote miwili.

Picha ya kwanza ikaingia: mashamba ya chumvi, meupe mpaka yanaumiza macho. Ya pili: Mto Wami unapomwagikia baharini, na bahari imelala upande kama chai kwenye sahani iliyoinamishwa. Mwaka mzima alikuwa akimfundisha Feisal kunyoosha upeo, na mwaka mzima bahari zake zinamwagika. Ya tatu: ndege wa pinki, wadogo kama punje.

"Hii simu inakusumbua. Ngoja nikuzimie," Mardhiya alisema, akanyoosha mkono.

"Iache."

"Utachafua hina, shoga."

"Mardhiya, iache."

Zilibaki arobaini na tatu. Halafu namba ikashuka yenyewe: arobaini na mbili, arobaini, thelathini na saba. Na hakuna picha mpya iliyoingia. Mtu alikuwa anafuta. Adila akainua macho, akaliangalia pazia la chumba cha ndani.

Kama amekosea, atakuwa amewadhalilisha mchumba na rafiki kwa pigo moja. Kama hakukosea na akanyamaza, kesho saa hizi ni mke wa mtu. Akapaza sauti, taratibu, kama anayeagiza maandazi:

"Feisal, usijichoshe kufuta. Zimeshaingia zote. Hata ile ya kitandani."

Namba ikasimama kwenye thelathini na moja. Koni ya hina ikamponyoka Mardhiya.

Pazia likasogea. Feisal akatoka, miguu mitupu, kamera mkononi.

"Adila, ile nilitaka kuifuta palepale. Yeye ndiye aliyesema tubaki nayo."

"Mimi?" Mardhiya akamgeukia. "Mimi niliyekwambia tusiende Saadani wiki ya harusi ya mwenzangu?"

"Gari ulipanda mwenyewe."

Adila akawaacha wagombane kidogo. Kwenye simu yake kulikuwa na picha tatu tu: chumvi, mto na ndege.

"Naomba niione hiyo ya kitandani," alisema. "Maana kwangu haijafika."

Wakatazamana.

Kisha Feisal akaanza. Shetani kampitia, ni mara moja tu, wageni wameshaalikwa, wazee wasiaibishwe, atamwomba radhi mbele ya yeyote Adila atakayemtaka. Alisema kwa sauti tamu, ileile ya asubuhi.

"Mtandao ulikuwa unakatika wapi?" Adila aliuliza. "Hapo nyuma ya pazia?"

Akamgeukia rafiki yake.

"Mardhiya, mikono yangu haishiki. Mpigie baba mdogo, weka sauti kubwa, nishikie simu hapa mdomoni."

"Shoga, usinifanyie hivyo."

"Umeshashika vyangu vingi. Shika na hii."

Baba mdogo wake, Bwanausi, ndiye aliyekuwa amwozeshe kesho. Akapokea, nyuma yake mashangazi wakicheka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hina imependeza?"

"Imependeza. Baba, kesho usiniozeshe. Feisal hayuko Saadani. Yuko hapa Zinga, alijificha chumbani kwa Mardhiya. Saadani walikwenda wote. Wako hapa, wanakusikia."

Kule upande wa pili mlango ukafungwa, vicheko vikakatika.

"Feisal," Bwanausi akaita. "Ni kweli?"

"Baba, ilivyokuwa ni kwamba..."

"Nimekuuliza kitu kimoja."

"Kweli."

"Haya. Adila, unarudi na nini?"

"Bajaji."

"Pitia mlango wa uani. Huku mbele nitakaa mimi, watu nitawaambia mimi."

Adila akainuka. Akamwinamishia Feisal kichwa, na Feisal akaelewa, akamvisha mkanda wa kamera shingoni akijitahidi asimguse. Mardhiya akambania simu kwapani. Adila akatoka.

Barabarani dereva wa bajaji aliiona mikono ile imeinuliwa juu, akatabasamu, akamfutia kiti.

"Karibu, bibi harusi. Twende wapi?"

"Bagamoyo. Bibi harusi si mimi. Na usikimbize, hina haijakauka."