Siku Tisini na Moja

Kihesabusiku hakikuwa mashine ya kutisha, na huo ndio uliokuwa ubaya wake. Kilikaa chumba namba nne cha Hospitali ya Kilele, juu kabisa ya jiji la Mbeya, cheupe, kimya, ukubwa wake kama kabati la nguo. Mgonjwa aliingiza mkono kwenye tundu mpaka kiwiko, kikamtoa tone la damu, kikasikiliza moyo, kikasoma mifupa kwa mwanga usioonekana. Yote hayo yalichukua muda wa kumenya kiazi kimoja. Kisha, kwa sauti ya binti aliyelelewa vizuri, kilimwambia mtu amebakiza siku ngapi duniani.

Siku, jamani, si ile "miezi michache hivi" ya madaktari wa zamani, waliokuwa wakiimung'unya huku macho yao yako dirishani. Watu wa mwaka 2091 walikipenda, maana binadamu anapenda namba hata ikimchoma. Madaktari walikipenda zaidi, maana kiliwatua mzigo. Hakuna tena aliyelaumiwa kwa kukisia vibaya. Mashine ilisema, daktari akamshika mgonjwa bega, basi.

Dakta Ipyana Mwasomola alikuwa hodari wa kushika bega. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka sita, na wenzake walimsifia mkono wake kuwa una huruma. Lakini Jumatatu moja asubuhi aliingia mgonjwa ambaye hakujua pa kumshika. Alikuwa Mwalimu Tusekile, mama wa miaka sitini na mbili, aliyemfundisha hesabu kidato cha kwanza mpaka cha nne na kumchapa kwa sehemu alizokuwa akizikosea.

Mwalimu aliugua uboho mkavu, ugonjwa unaoizuia mifupa kutengeneza damu. Ugonjwa huo ulikuwa na dawa. Hospitali ilikuwa na Kitalu cha Uboho, ambako walikuwa wakiotesha chembe za mgonjwa mwenyewe kwenye chupa, wakazilea kama miche, halafu wakazipanda tena mifupani mwake. Kuotesha kulichukua miezi sita, na chupa zilikuwa ishirini tu kwa mwaka. Ndiyo maana ilitungwa Sheria ya Siku Mia Mbili: aliyebakiza pungufu ya hapo hapewi chupa, kwa kuwa atakufa kabla miche haijakomaa. Kwa hiyo namba iliyotoka mle chumba namba nne haikuwa habari tu. Ilikuwa hukumu.

"Siku tisini na moja," kilisema Kihesabusiku. "Pole sana, Mwalimu."

Mwalimu Tusekile alichomoa mkono, akashusha taratibu mkono wa sweta, akakitazama kile kikabati kama anavyomtazama mtoto aliyeibia kwenye mtihani.

"Ipyana," alisema. "Mwanafunzi akiniletea jibu bila njia, nilikuwa namwekea ngapi?"

"Sifuri, Mwalimu."

"Haya. Nenda kaniletee njia. Nikifa, nife nikiwa nimeelewa."

Aliondoka bila kulia. Aliyebaki na uzito kifuani ni Ipyana, na alijiona mjinga kuliko alivyowahi kujiona kidato cha pili. Miaka sita alikuwa akisoma majibu ya mashine ile na hakuwahi kuiuliza imeyapataje.

Jioni hiyo, hospitali ilipotulia, aliiuliza. Kihesabusiku hakikuwa na siri, hakuna tu aliyekuwa amekihoji. Kilimweleza kwa adabu kwamba kilijifunza kutoka kwenye mafaili ya zamani ya kliniki za ukanda ule, yaliyoanza miaka arobaini nyuma. Kati yake, mafaili mia nne na kumi na mawili yalikuwa ya uboho mkavu. Ipyana akaomba ayaone yote, moja moja, siyo wastani.

Akayapekua mpaka chai yake ikaota ngozi. Mia tatu na themanini kati ya wagonjwa wale walikuwa wamekufa siku ya tisini na moja tangu walipoonekana kliniki mara ya mwisho. Hakuna wa tisini wala wa tisini na mbili. Vijana, wazee, wanene, wembamba, wote wamejipanga mlango mmoja siku moja.

Ipyana alikuwa daktari. Kifo anakijua. Kinakuja mapema, kinachelewa, kinagonga nyumba ya jirani kikarudi. Hakina tabia ya kushika saa namna ile.

Kesho yake alimtafuta Mama Kissa, aliyekuwa mtunza kumbukumbu wa kliniki mojawapo enzi hizo, na sasa amestaafu na kufuga sungura Uyole. Mama Kissa alimkaribisha, akamsikiliza, na wala hakuficha kitu. Alisema kliniki ilikuwa mara moja kwa mwezi. Mgonjwa akikosa tatu mfululizo, faili lake lilipaswa kufungwa siku inayofuata, la sivyo ripoti ya mkoa ilirudishwa na mkubwa mmoja akawatukana. Na kompyuta ya wakati huo ilikuwa na visanduku viwili tu vya kufungia faili. Ukibonyeza "Amepona" ilidai vipimo vipya na saini ya daktari. Ukibonyeza "Amefariki" haikudai chochote.

"Sasa mwanangu, mtu hayupo, vipimo nitavitoa wapi?" alisema. "Tulibonyeza amefariki. Hatukumuua mtu, tulifunga mafaili."

Ipyana alimweleza ni nini kilichokuja kujifunza kutokana na mafaili hayo. Mama Kissa akaweka chini majani ya sungura. Kisha akaingia ndani, akatoka na daftari la majina na vijiji, alilokuwa akiandika kwa mkono wake kwa sababu hakuwahi kuziamini kompyuta. Akamwambia aende akaulize.

Basi Ipyana akaomba ruhusa ya siku tano, akapanda gari la waya linaloelea juu ya mabonde mpaka Isongole, kumtafuta marehemu wa kwanza. Jina lake Asajile, aliyefariki mwaka 2068 kwa mujibu wa sayansi. Alitarajia kukutana na mjane au watoto. Alikutana na marehemu mwenyewe shambani, amepinda mgongo, anapandishia viazi udongo.

Ipyana alimwamkia, akaitikiwa marahaba. Alipomweleza, Mzee Asajile aliegemea jembe.

"Nimekufa? Lini?"

Mkewe alikuwa mstari wa pili. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye tuta, akasema kumbe ndiyo maana mume wake hamalizi kazi, miaka ishirini na tatu yeye amekuwa akilima na maiti. Mzee hakukasirika. Alieleza kwamba zile dawa za zamani zilimkubali, nguvu zikarudi, mvua zikaanza, na viazi havimsubiri mtu. Aende tena mjini kupanga foleni kutwa nzima ili awaambie kwamba haumwi?

Hapo ndipo Ipyana alipouona ubovu wote, wazi kama jua la adhuhuri. Anayeumwa hakosi kliniki. Anayekosa kliniki mara nyingi ni yule aliyepata nafuu. Kwa miaka arobaini, waliopona walikuwa wakiandikwa wafu, na mashine kubwa ya bei kubwa ikakaa chini ikajifunza kwa makini kwamba kupona ni kufa.

Siku tano hizo alifuatilia majina thelathini. Kumi na saba aliwakuta hai. Wanane walikuwa wamekufa kweli, wengine baada ya miezi, mmoja baada ya miaka kumi na tisa. Watano hakuna aliyejua walikohamia. Aliporudi mjini alikuwa na furaha tele.

Mganga Mkuu, Dakta Bupe, alimsikiliza akiwa amekunja uso. Alisema watu thelathini si sayansi. Alisema bila Kihesabusiku watarudi kule walikotoka, daktari anamtazama mgonjwa, anakuna kidevu, anabahatisha. Ipyana akamjibu kwamba hata hii ni kubahatisha, ila kwa sauti nzuri. Kisha akauliza swali lililokuwa limemkosesha usingizi: hao walionyimwa chupa miaka hii sita, mafaili yao yanafungwaje?

Dakta Bupe alifungua kompyuta kumwonyesha, na mkono wake ukasimama hewani. Walirudishwa nyumbani, na hakuna aliyewafuata. Faili lilijifunga lenyewe siku ya tisini na moja, kwa neno "Amefariki". Mashine ilijisahihishia mtihani wake na kujipa mia kwa mia.

Dakta Bupe hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akafuta macho, akaisimamisha Sheria ya Siku Mia Mbili hapohapo na kuandika jina la Tusekile kwenye chupa ya tatu ya kitalu.

Ipyana alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Mwalimu kumpa habari. Alimweleza njia yote, tangu visanduku viwili mpaka shamba la viazi, na Mwalimu alisikiliza akikatiza mara mbili tu, kuuliza wale thelathini waliteuliwaje na wale watano wamewekwa upande gani. Aliporidhika, alijiegemeza kwenye kiti.

"Sasa nimebakiza siku ngapi?"

Ipyana alikuwa na hamu ya kumpa namba, namba kubwa, tamu. Akaimeza.

"Sijui, Mwalimu. Chupa inasaidia wengi, haisaidii wote. Huenda usifike Krismasi. Huenda ukanizika mimi."

Mwalimu Tusekile aliziba uso kwa kanga, mabega yakamtikisika, na Ipyana akafikiri amemuumiza. Alipoifunua alikuwa anacheka na machozi yanamtoka pamoja.

"Ahsante," alisema. "Wiki nzima nimelala na namba ile kitandani. Leo nitalala peke yangu."

Kisha akaacha kucheka. Akauliza ni wangapi ambao Ipyana aliwashika bega kwa ugonjwa huu. Arobaini na watatu, alisema Ipyana, majina yao anayo. Mwalimu akauliza anangoja nini.

Ipyana alikaa kibarazani pale pale akaanza kupiga simu. Nyumba ya kwanza walikuwa wamezika. Ya pili walikuwa wamezika. Ya tatu mjane alimsikiliza mpaka mwisho, akamtukana tusi la nguoni, na Ipyana akalipokea bila kujitetea, kwa sababu maji yakimwagika hayazoleki, na aliyeyamwaga ni yeye na mkono wake wa huruma. Jina la nne lilikuwa Gwakisa, fundi wa mapaa, aliyeambiwa siku zake miaka miwili iliyopita. Simu iliita sana. Akapokea mwanaume, na Ipyana akaomba kuzungumza na yeyote wa familia ya marehemu Fundi Gwakisa.

"Ni mimi," ilisema sauti. "Nani mwenzangu?"

Ipyana alijitaja, akamsihi asikate simu, akamwambia zile siku alizompa zilikuwa makosa tangu mwanzo, na kwamba kuna dawa, aje.

"Dakta," alisema Fundi, "mimi kila asubuhi naamka nikijua ndiyo leo. Nimejificha nisipite hata karibu na hospitali yenu, niliogopa mkiniona mtanihesabia upya. Miaka miwili sijanunua hata viatu. Nilijiambia, vya nini?"

"Kanunue viatu, Fundi."

"Vya kudumu muda gani?"

Ipyana alijifuta uso kwa kiganja. "Hilo mimi siliwezi," alisema. "Chukua vile unavyovipenda."